Matone Matatu ya Mafuta ya Makonyo

Jumatatu, 22 Disemba

Ni mimi niliyeiharibu pedali ya Bi Moza. Mama hajui, Mzee Jaribu hajui, hakuna ajuaye. Jana ukumbi mzima ulikuwa ukimlaumu mtu mwengine, nami nimesimama pale na mfuko wa waya mkononi, kimya.

Nieleze tangu mwanzo, maana nikiruka kitu nitajihurumia.

Bi Moza anapiga gitaa la chuma katika klabu yetu ya taarabu hapa Gombani. Gitaa lenyewe hulilaza mapajani. Mkono wa kushoto unatelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi, wa kulia unadonoa, na mguu wake, bila kiatu, unakaa juu ya pedali ya sauti. Watu wote hutazama mikono. Mzee Jaribu ndiye aliyenifundisha kutazama mguu. Bi Moza anaudonoa uzi sauti ikiwa imefungwa, kisha anakanyaga polepole na sauti inafunguka. Kule kudonoa hukusikii. Unasikia tu kama mtu anavuta pumzi halafu anaanza kulia.

Mzee Jaribu ni fundi wa redio, na vyombo vya klabu amevitengeneza yeye tangu mimi sijazaliwa. Mwezi uliopita nilipomaliza mtihani wa Kidato cha Nne alinichukua anifundishe kazi, na majirani wakamwambia mama kuwa banda la redio si pahala pa mtoto wa kike. Mama akawajibu kuwa mwanawe hana sauti ya kuuza duka, wacha akae na vitu visivyosema.

Wiki iliyopita kamba ya ndani ya pedali ilikatika. Ile kamba ndiyo inayokizungusha kidude cha sauti, mafundi wanakiita volyumu, kila mguu unapokanyaga. Mzee Jaribu alitia mshipi wa kuvulia badala yake, akachomelea na waya mmoja uliolegea, mimi nimemshikia tochi. Mikono yake inatetemeka kidogo siku hizi, lakini fundo alilifunga mara moja tu. Pedali ikapanda na kushuka vizuri, ila ilikuwa inakwaruza, khrr, khrr.

"Hilo vumbi limeingia kwenye volyumu," akasema. "Lataka spiriti, na spiriti imekwisha. Nitanunua. Weye usitie kitu, Safaa."

Siku ya pili akaenda maziko Wingwi. Bi Mwanabaraka, kiongozi wa klabu, akatuma ujumbe kuwa anaitaka pedali kwa mazoezi ya jioni. Nilikuwa peke yangu bandani. Sikutaka aikute inakwaruza. Nikaenda nyumbani nikachukua kichupa cha mafuta ya makonyo, yale yanayotolewa kwenye vikonyo vya karafuu. Kwetu yale ni dawa ya jino, ya goti, ya kikohozi, ya mbu, mpaka ya bawaba ya mlango. Nikatia matone matatu ndani ya volyumu, nikazungusha. Ikanyamaza kabisa, ikawa laini kama hariri. Nilicheka peke yangu.

Bi Mwanabaraka alipouliza, nikamwambia, "Mzee Jaribu kaitengeneza." Niliona haya kusema ni mimi.

Jana tulikuwa na harusi Kengeja, baada ya alasiri, wanawake watupu. Nyimbo ya kwanza ilikwenda vizuri. Ya pili, Bi Moza alikanyaga na pedali ikabaki huko huko, sauti imefunguka yote, haishuki. Kila alipougusa uzi gitaa lilipiga ukelele. Bibi harusi aliziba masikio.

"Zima! Zimeni hilo!"

"Mama wee, gitaa limepanda kichwani!"

Watu wakacheka. Bi Moza akachomoa waya mwenyewe, akaliweka gitaa pembeni, akakaa mikono mapajani kama mgeni. Bi Mwanabaraka akaichukua pedali, akaikandamiza kwa mkono, haikurudi.

"Jaribu keshakwisha," akasema mbele ya watu. "Mikono yatetemeka kama jani la mgomba, nasi twampa vyombo vyetu. Safaa, si weye uloniambia kaitengeneza yeye?"

"Ndiyo, Bi."

Maneno mawili. Ndiyo, Bi.

Jumanne, 23 Disemba

Nimeanika karafuu na mama. Mvua ya ghafla, tumekimbia na mikeka mara mbili.

Alhamisi, 25 Disemba

Nilijipa moyo kwamba labda si mafuta. Labda ule mshipi uliteleza, labda kweli ni mikono yake. Usiku wa juzi nilidondosha tone moja juu ya kalamu yangu ya zamani, ile ya plastiki. Asubuhi plastiki imelainika, alama ya kidole changu imebaki juu yake, na kifuniko hakitoki tena.

Ndani ya volyumu mna plastiki.

Hakuna aliyenusa kitu Kengeja kwa sababu wakati huu Pemba nzima inanuka karafuu. Nguo zetu, nywele zetu, barabara. Ningetia mafuta ya nazi wangejua siku ile ile.

Jumapili, 28 Disemba

Mzee Jaribu alikwenda kwa Bi Mwanabaraka kuiomba pedali aitazame. Hakupewa. Ameambiwa imefungiwa kabatini na hatoigusa tena. Amerudi, amekaa, amewasha redio ya mteja na kuizima.

"Safaa," akaniuliza, "siku ile weye ulishika tochi. Uliniona nikidondosha risasi ya kuchomelea ndani?"

"Hapana, Mzee."

"Hata tone?"

"Hata tone."

"Basi hukuona," akasema. "Na mimi sikuona. Ndiyo hatari yenyewe hiyo."

Nilikuwa na nafasi pale, maneno yalikuwa mdomoni. Akaingia mtu na simu iliyozama baharini, nikafurahi kuingiliwa.

Jumamosi, 3 Januari

Klabu imenikabidhi kazi ya kuchagua pedali mpya. Mimi! Bi Mwanabaraka alikuja nyumbani kwetu na halua, akamwambia mama, "Huyu mtoto amesoma, ana simu, ajua mambo ya kisasa. Atuchagulie, na Samiha atutumie kutoka Maskati." Samiha ni mamangu mdogo, yuko kule miaka tisa. Mama alifurahi mpaka akasahau chai jikoni.

Nilipomaliza kula halua nilikwenda nyuma ya nyumba nikakaa na karafuu.

Jumatano, 7 Januari

Kuchagua pedali si jambo la kuangalia picha nzuri. Nimesoma siku nne.

Ziko zinazotaka umeme na zisizotaka. Kwetu umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo isiyotaka. Ziko zenye kamba ndani na zenye meno. Kamba hukatika lakini mtu huweza kuibadilisha na mshipi, meno yakivunjika tutayapata wapi? Kwa hiyo ya kamba. Halafu ile volyumu lazima iwe ya kiwango kinacholingana na gitaa, ama sauti inakuwa nzito kama mtu anaimba ndani ya blanketi. Hilo nisingelijua. Nilimuuliza Mzee Jaribu kwa kuzunguka, kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichokitaka.

Hakuzunguka. "Nusu milioni," akasema. "Om nusu milioni, ndicho kipimo cha volyumu yake. Wakikuletea ya kibodi, ikatae, itaunywa uzi wa juu wote. Tena iwe nzito, chuma, isitembee sakafuni anapokanyaga. Na usimsahau mguu."

"Mguu vipi?"

"Mguu wa Moza. Pedali si ya gitaa, ni ya mguu."

Ananisaidia kuchagua kitu kitakachochukua nafasi ya kazi yake. Na anajua kuwa ndicho ninachochagua.

Ijumaa, 9 Januari

Nimekwenda kwa Bi Moza kumpima mguu. Nilitandika karatasi ya daftari sakafuni, akasimama juu yake akicheka.

"Wanishonea kiatu, mjukuu wangu?"

"Pedali, Bi."

"Haya. Chora na hicho kidole kilichopinda, usije ukakionea haya."

Kisha nikampandisha kisigino juu ya msahafu wa vitabu, si msahafu, astaghfirullah, juu ya vitabu vyangu vya skuli, kimoja kimoja, mpaka aliposema kifundo kinamuuma. Ni vitabu viwili. Zaidi ya hapo hawezi kupiga nyimbo tatu. Picha zote nilizozipenda zilikuwa za pedali ndefu kwenda juu, za watu wanaokaa viti virefu na kuvaa mabuti. Bi Moza hukaa kigodani.

Wakati nainama kuandika akasema, "Yule Jaribu anisikitisha. Miaka ishirini hajaniaibisha. Labda ndio uzee. Mimi nami nitafika."

Nikaendelea kuandika namba ambazo nimeshaziandika.

Jumatatu, 12 Januari

Sikukuu ya Mapinduzi. Watu wamejaa uwanjani. Mzee Jaribu alifungua banda lakini hakuna aliyekuja.

Alhamisi, 15 Januari

Leo ameniambia nichomelee mimi waya za spika ya msikiti. Nikamwambia bado sijawa na mkono mzuri. Akanyoosha mikono yake miwili mbele yangu, juu ya meza, ili nione. Ilikuwa inatetemeka, kidogo tu, kama siku zote.

"Hii siiamini tena," akasema. "Zamani ilitetemeka nikaicheka. Sasa nikishika kitu cha mtu naogopa. Nimelala nikiota naangusha risasi ndani ya pedali ile."

Nikachomelea.

Hili ndilo nililokuwa silielewi siku zote hizi. Nilidhani nimemwibia jina. Jina mtu anaweza kurudishiwa kwa maneno. Nimemwibia mikono, na yeye mwenyewe ananisaidia kuibeba.

Jumanne, 20 Januari

Shaabani imeingia. Pedali imepatikana, mama mdogo ametuma picha. Ya chuma, fupi, ya kamba, nusu milioni. Atakuja nayo mtu wa Kengeja anayerudi kufunga kwao.

Jumamosi, 24 Januari

Nilikwenda mpaka mlangoni kwa Bi Mwanabaraka nimwambie. Nilibisha hodi mara moja, taratibu, kwa namna ambayo mtu hasikii. Nikahesabu mpaka kumi nikarudi. Najua vizuri nilibisha namna gani.

Jumamosi, 31 Januari

Matokeo yametoka. Daraja la tatu. Mama ameshukuru.

Jumanne, 3 Februari

Karafuu zimekwisha. Mama amekung'uta mikeka na kuikunja. Upepo wa kaskazi umekuwa mkavu, hewa inanuka vumbi na moshi wa kuni, basi.

Mzee Jaribu amesema atafunga banda mwezi ukiandama. Nimemuuliza baada ya Ramadhani atafungua lini. Akasema, "Hilo banda lako weye, ukitaka." Mkewe Bi Kazija alikuwa amekuja na uji, akaweka bakuli kwa kishindo.

"Akae nyumbani afanye nini, Jaribu? Anihesabie kuku?"

"Nitalima muhogo."

"Weye? Muhogo? Huo muhogo utakuja kukulima."

Nilicheka nao, Mungu anisamehe.

Jumatano, 11 Februari

Pedali imefika. Nimeifungua, nimeijaribu kwa spika ya bandani. Ni nzuri sana. Mzee Jaribu hakuigusa, aliitazama tu akiwa amefunga mikono nyuma. Akasema kisigino cha Bi Moza kitateleza, niigandishie kipande cha mpira wa ndara. Nimegandisha.

Bi Mwanabaraka ametuma salamu: Jumamosi mazoezi ya mwisho kabla ya mwezi, na klabu itanivisha kanga mbele ya wote kwa kazi niliyofanya. Na itatangazwa kuwa mimi sasa ndiye fundi wa klabu.

Alhamisi, 12 Februari

Sili.

Jumamosi, 14 Februari

Naandika kabla ya magharibi, nataka iwe leo leo.

Watu walikuwa wamekaa mikekani, wanawake wote wa klabu na mama. Bi Moza alijaribu pedali mpya. Alidonoa uzi, akakanyaga, na ile sauti ikaja kutoka mbali, kama nilivyoieleza mwanzo, sijui kama nilieleza vizuri. Mtu mmoja akasema "Allah" kwa pumzi. Bi Moza akanitazama, akainua kile kidole kilichopinda, akakitikisa kunisalimu.

Bi Mwanabaraka akasimama na kanga mpya, bado imekunjwa. "Njoo, mwari. Twakuonea fahari. Tulikuwa tumeachiwa mzee wa kutuharibia vyombo, Mungu katuletea mtoto."

Nikasema kitu. Nilisema chini mno.

"Sema, mwanangu, hatukusikii."

"Naomba ile ya zamani."

"Ya zamani ya nini?"

"Naomba, Bi. Kabatini."

Aliniona sipokei kanga, akadhani ni haya. Akacheka, akatoa ufunguo, akaitoa pedali imevingirishwa kwenye kitambaa. Nilikuwa na bisibisi mfukoni. Nikakaa chini, nikatoa skrubu nne za chini, nikanyanyua bamba.

Sikuhitaji kusema chochote tena. Imefungiwa miezi miwili, na chumba kilikuwa hakina harufu nyengine. Makonyo yalitoka mle ndani kama mtu amefungua mlango wa kiwanda cha mafuta yake. Hakuna mtu Pemba asiyeijua harufu ile. Niliona pua zao zikigeuka moja moja.

"Makonyo," akasema Bi Moza.

"Nani katia makonyo humu?" akasema Bi Mwanabaraka. Halafu akanitazama, maana nilikuwa sijainua kichwa.

"Mimi, Bi. Matone matatu. Mzee Jaribu alinikataza, nami nikatia. Mshipi wake huu hapa, tazameni fundo lake, halijalegea. Kilichoyeyuka ni hiki."

Nikawaonyesha volyumu. Plastiki yake imegandana, rangi ya asali.

Nilitarajia kelele. Mama alijifunika uso kwa ukaya. Kisha mtu nyuma akasema, "Lakini mama yake yule naye, kila kitu atia makonyo," na wawili watatu wakacheka, na mama hakucheka.

"Na siku ya Kengeja," akasema Bi Mwanabaraka polepole, "nilikuuliza."

"Ndiyo, Bi."

"Ukanijibu hivyo hivyo. Kwa sauti hiyo hiyo. Nikatukana mtu mzima mbele za watu kwa kinywa changu. Wanijua mie? Nimesoma naye chuo kimoja cha Kurani, Jaribu." Akaikunja kanga tena ingawa ilikuwa imekunjwa, akaiweka chini ya mkono. "Ondoka, Safaa. Leo ondoka. Sijui kesho."

Nimeondoka. Mama amebaki kuomba radhi. Nilimsikia akiomba mpaka nilipopita kona.

Jumapili, 15 Februari

Bi Mwanabaraka alikwenda kwa Mzee Jaribu jana hiyo hiyo usiku kumtaka radhi. Amenieleza Bi Kazija. Basi Mzee alipata habari kwa mtu mwengine kabla yangu. Hata hilo nimechelewa.

Mama hasemi nami, ila ameniwekea chakula.

Jumatatu, 16 Februari

Nimekwenda bandani asubuhi. Nilidhani atakuwa amefunga. Alikuwa amekaa, meza tupu, mgongo kwangu.

"Shikamoo, Mzee."

Hakuitikia. Katika maisha yangu hakuna mtu mzima aliyeniachia shikamoo yangu ikaanguka chini.

Nikasimama mlangoni nikamwambia yote, hata aliyoyajua. Kuhusu spiriti, kichupa, nilivyocheka peke yangu, Kengeja, kalamu, hodi niliyoibisha taratibu. Sikumwambia nisamehe. Nilikuwa nimepanga kusema na nikaona si haki, kwamba namwomba kitu tena.

Kisha akasema bila kugeuka:

"Pedali si kitu. Mie nimeharibu vitu vingi kuliko hivyo. Nimemchoma mtu televisheni nzima. Lakini weye ulikuwa ukiniona, Safaa. Kila siku ulikuwa umekaa hapo, ukiniona naiogopa mikono yangu. Ukaniitikia ndiyo, Mzee, hapana, Mzee."

"Ndiyo, Mzee."

"Usinijibu hivyo!"

Sijawahi kumsikia akipaza sauti. Ndege waliokuwa juu ya bati waliruka.

Sikuondoka. Sikujua niende wapi. Baada ya hapo akaivuta redio ndogo ya mtu kutoka chini ya meza, akaifungua, akashika chuma cha risasi. Mkono ulitetemeka, kama siku zote. Akagusa, risasi ikakaa pahala pake, tone moja dogo linalong'aa. Akagusa la pili. Likakaa. La tatu. Akaendelea, mahali ambapo hata hapakuharibika, anachomelea tu, tone baada ya tone, na mabega yake yakaanza kupanda na kushuka, nikafahamu kuwa haoni tena anachokifanya.

Nilirudi nyuma hatua moja, nikakaa kizingitini, uso nimeelekeza barabarani, ili mtu akija anione mimi kwanza. Akaja mwanamke na feni yake. Nikamwambia, kwa sauti ambayo sikujua ninayo, "Fundi ana kazi. Rudi adhuhuri." Akageuka akaenda zake.

Jumanne, 17 Februari

Watu wanatazamia mwezi. Bi Mwanabaraka ametuma neno kuwa nikae nje ya klabu mpaka baada ya Idi, kisha watazungumza. Mzee Jaribu hakusema nirudi bandani na hakusema nisirudi. Asubuhi nilimpa shikamoo nikipita. Akasema "marahaba" akiwa ameshika skrubu kwa meno, bila kunitazama.

Weye unayesoma daftari hili, ikiwa litakuja kusomwa: ya matone matatu msimulie umtakaye, ni yangu na watu wameshayajua. Nilivyosimama Kengeja, msimulie. Nilivyobisha hodi ili nisisikike, hata hilo. Lakini niliyoyaona jana nilipokuwa mlangoni, jinsi mabega ya yule mzee yalivyokuwa, hayo si yangu, na yeye hajui kama niliyaona. Tafadhali usimwambie mtu.